Kupalizwa kwa Bikira Maria: nani mwenye neno la mwisho?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mlutheri wa Machame, mchumba wangu ni Mkatoliki wa Kibosho, na tuko kwenye mafundisho ya ndoa. Katekista alisema Mkatoliki asiyekubali kwamba Maria alipalizwa mbinguni mwili na roho amejitoa kwenye imani. Nikamuuliza hilo liko wapi kwenye Biblia, akanijibu Kanisa limeshafundisha, basi. Nilipomweleza mchungaji wetu, akasema hiyo ndiyo shida ya Wakatoliki, wanamwabudu Maria. Mchumba wangu anakataa, anasema hamwabudu. Sasa tatizo hasa liko wapi? Na je, nikimuoa nitatakiwa kuamini hilo?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa uchumba. Kabla sijaanza, ujue unaongea na nani. Mimi ni Mkatoliki, nafundisha historia ya Kanisa, na darasani kwangu hukaa Walutheri, Waanglikana, Wamoraviani, hata Wasabato. Kwa hiyo upande wangu umeshaujua. Lakini kuna mahali nitasema jambo ambalo katekista wenu hatalifurahia, na mahali pengine mchungaji wako naye atakunja uso.

Katekista hakukudanganya, ila alijibu swali ambalo hukuliuliza. Wewe uliuliza Biblia inasema nini, yeye akakujibu nani ana haki ya kufundisha. Fundo liko hapo. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ugomvi juu ya Maria ni ugomvi juu ya mamlaka: ni nani awezaye kumwambia Mkristo, hili ni lazima uliamini? Nasema sehemu kubwa, maana kuna kipande kimoja ambacho kweli kinamhusu Maria mwenyewe, na nitakifikia.

Kanisa Katoliki lina mafundisho manne makubwa juu ya Maria, wala hayana uzito mmoja katika ubishi huu. La kwanza, kwamba ni Mama wa Mungu, lilithibitishwa na Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Efeso mwaka 431, baada ya Nestori, askofu wa Konstantinopoli, kugoma kumwita hivyo na Sirili wa Aleksandria kumjia juu. Kilichobishaniwa pale alikuwa Kristo: aliyezaliwa Bethlehemu ni Mungu kweli, nafsi moja, au ni mtu ambaye Mungu amekaa ndani yake? Luther alilikubali fundisho la Efeso bila kigugumizi. Calvin, mwanamatengenezo wa Geneva, hakulipenda jina lenyewe mdomoni, lakini maana yake hakuikataa. Kwa hiyo mchungaji akisikia "Mama wa Mungu" na kukereka, akereke pia na Luther. La pili, kwamba Maria alibaki bikira siku zote, nalo Luther alilishika maisha yake yote, ingawa Marko 6:3 inawataja ndugu za Yesu kwa majina. Waprotestanti wengi wa leo wamemwacha hapo na wanasoma mstari huo kama ulivyo.

Mawili ya mwisho ndiyo yenye moto. Kukingiwa Dhambi ya Asili, yaani kwamba Maria hakuwa na dhambi hiyo tangu alipotungwa mimba, kulitangazwa na Papa Pio wa Tisa tarehe 8 Desemba 1854, na Kupalizwa Mbinguni kulitangazwa na Papa Pio wa Kumi na Mbili tarehe 1 Novemba 1950. Ziangalie tarehe hizo. Wapo wazee Kibosho waliobatizwa kabla hili la Kupalizwa halijawa sharti la imani. Waliliamini, waliadhimisha sikukuu yake kila tarehe 15 Agosti, lakini hakuna aliyewaambia kwamba wakilitilia shaka wamejitenga na Kanisa. Baada ya 1950 waliambiwa hivyo, tena kwa maneno makali: hati ya Papa inasema anayethubutu kwa makusudi kulikana au kulitilia shaka amejitenga kabisa na imani ya Kikatoliki. Katekista wenu alikuwa anarudia hiyo hati.

Sasa swali lako la Biblia. Jibu la moja kwa moja ni kwamba hakuna mstari unaosimulia Maria akipalizwa. Mara ya mwisho Maandiko kumtaja kwa jina ni Matendo 1:14, akiwa chumba cha juu na mitume, wakisali. Tunaotetea fundisho hili hupenda kumnyooshea kidole yule mwanamke aliyevikwa jua katika Ufunuo 12, lakini wafafanuzi wengi wa kale walimsoma mwanamke huyo kuwa ni Kanisa au taifa la Mungu, na sioni heshima ya kumwambia Mlutheri kwamba mstari huo unamaliza mjadala.

Nje ya Biblia nako, karne za kwanza ziko kimya. Karibu mwaka 377 Epifanio, askofu wa Salamina huko Kupro, aliandika kwamba hakuna ajuaye mwisho wa Maria: kama alikufa, kama alizikwa, kama aliuawa. Na Epifanio hakuwa mgeni wa mambo hayo, maana alizaliwa Palestina na kuishi huko miaka mingi. Simulizi za kufariki kwake, mitume wakikusanywa kimuujiza kitandani pake na kaburi likikutwa tupu, zinaonekana kuenea katika karne ya 5 na ya 6. Orodha moja ya kale, ambayo kwa muda mrefu iliitwa ya Papa Gelasio, inakiweka kitabu cha namna hiyo kati ya vile vya kukataliwa. Hata hivyo ibada ilikuwa inakua kwa kasi kuliko vitabu. Karibu mwaka 600 Kaisari Maurisi wa Konstantinopoli aliagiza sikukuu ya kulala kwake Maria iadhimishwe tarehe 15 Agosti, na katika karne ya 8 Yohane wa Damasko anaihubiri kama jambo lisilo na ubishi.

Wakatoliki huongeza hoja ya masalia. Katika nyakati ambazo miji iligombania mfupa wa kidole cha mtakatifu, hakuna mji uliowahi kudai kuwa na mwili wa Maria. Yerusalemu walionyesha kaburi, lakini kaburi tupu. Ni hoja nzuri ya kufikirisha. Ushahidi sitaiita.

Kuna kisa kimoja ambacho kwangu kinalieleza jambo hili kuliko vitabu vingi. Kilisimuliwa na Joseph Ratzinger, yule aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa Kumi na Sita, ambaye alikuwa mwanafunzi wa teolojia München miaka ile. Kabla ya kutangaza, Pio wa Kumi na Mbili aliwauliza maaskofu wote kwa barua mwaka 1946, na vitivo vya teolojia navyo vikaulizwa. Maaskofu kwa wingi mno walijibu ndiyo. Maprofesa wa München walijibu hapana. Mtaalamu wa Mababa wa Kanisa, yaani waandishi wa Kikristo wa karne za kwanza, Berthold Altaner wa Würzburg, padre Mkatoliki, alikuwa ameonyesha kwa utafiti kwamba fundisho hilo halikujulikana kabla ya karne ya 5, kwa hiyo haliwezi kuitwa mapokeo ya mitume. Mwaka 1949, katika kikao cha wanateolojia wa Kikatoliki na Kilutheri, Profesa Gottlieb Söhngen, ambaye ni mwalimu wa Ratzinger na ambaye naye alizaliwa katika ndoa mseto kama hiyo mnayoitaka, alilipinga fundisho hilo kwa nguvu. Ndipo Mlutheri Edmund Schlink wa Heidelberg akambana: na Papa akilitangaza, utafanyaje? Si itakubidi ulipe kisogo Kanisa Katoliki? Söhngen akatafakari kidogo, kisha akajibu kwamba likitangazwa atakumbuka kuwa Kanisa lina hekima kuliko yeye, na kwamba anapaswa kuliamini kuliko usomi wake mwenyewe.

Lisome jibu hilo mara mbili, maana ndani yake mna tofauti yote. Mtu mmoja, ushahidi ule ule, na hakuna mzee wa karne ya 2 aliyefufuka kati ya 1949 na 1950 kuja kutoa maelezo mapya. Kilichobadilika ni kwamba aliyeaminiwa kuwa na mamlaka alikuwa amesema. Kwa Schlink jibu hilo lilikuwa la kutisha: Mkristo anakubali jambo ambalo yeye mwenyewe ameliona halina msingi. Kwa Söhngen lilikuwa ni unyenyekevu: Roho Mtakatifu ameahidiwa kwa Kanisa zima, hakuahidiwa kwa profesa wa München. Mimi niko na Söhngen. Ila sijawahi kufaulu kumwonyesha mwanafunzi Mlutheri kwamba hofu ya Schlink ni ya kipuuzi, kwa sababu si ya kipuuzi.

Kama bado unaona kwamba ubishi ni wa Maria mwenyewe, watazame Waorthodoksi. Wao wanaamini kwamba Maria alilala na kuchukuliwa mbinguni, wanafunga siku kumi na nne kabla ya tarehe 15 Agosti, na nyimbo zao za siku hiyo ni ndefu kuliko zetu. Lakini tangazo la 1950 hawalitambui, na Kukingiwa Dhambi ya Asili walikutaja miongoni mwa mambo mapya ya Roma katika barua ya Patriarki wa Konstantinopoli ya mwaka 1895, pamoja na madai kwamba Papa hawezi kukosea. Kwenye Kukingiwa wana sababu ya ziada, maana dhambi ya asili wanaielewa tofauti na sisi. Kwenye Kupalizwa, tofauti yao na Roma ni moja tu: nani kawapa ruhusa ya kulifanya sharti bila mtaguso wa Kanisa lote?

Hapa kwetu Afrika Mashariki tuna mfano wa upande wa pili. Miaka ya mwanzo ya 1960, Nyanza, Kenya, liliibuka kanisa la Legio Maria chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Usilichanganye na Legio ya Maria ya parokiani, chama cha walei kilichoanzia Dublin mwaka 1921. Hawa wa Nyanza walijitenga na Roma, wakajiwekea papa na makardinali wao, na kumheshimu kwao Bikira Maria kunawapita Wakatoliki wengi ninaowafahamu. Rozari wanayo. Roma haiwatambui kuwa Wakatoliki. Kwa hiyo waweza kumpenda Maria kwa moyo wote ukawa nje, na waweza kuwa Söhngen, mwenye mashaka ya kisomi, ukawa ndani. Kinachopima ni mamlaka.

Sasa mamlaka hayo yalitoka wapi, na kwa nini ninyi mliyakataa? Luther hakuanza kwa kumshambulia Maria. Mwaka 1521, akiwa mafichoni Wartburg, alimalizia ufafanuzi wa wimbo wa Maria wa Luka 1, na nakushauri uusome, utashangaa jinsi anavyomsifu mama huyo. Miaka miwili kabla, katika mdahalo huko Leipzig, Johann Eck, mtetezi wa Papa, alikuwa amemsukuma hadi akatamka kwamba hata mitaguso inaweza kukosea. Na kwenye baraza la dola huko Worms, mwaka huo wa 1521, akasema mbele ya Kaisari kwamba hatabadili msimamo mpaka ashindwe kwa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi, kwa sababu mapapa na mitaguso wamekosea mara nyingi na kupingana wenyewe. Tangu hapo mengine yote yanafuata. Sikukuu za Maria zenye msingi wa Injili, kama kupashwa habari na kumtembelea Elisabeti, Walutheri walizibakiza. Kupalizwa wakakuacha, kwa sababu hakuna mahali pa kukushikiza.

Roma ilijibu katika Mtaguso wa Trento, Aprili 1546: Maandiko na mapokeo ya mitume yapokelewe kwa heshima sawa. Baadaye, tarehe 18 Julai 1870, Mtaguso wa kwanza wa Vatikano ukatangaza, kwa kura 533 dhidi ya 2, kwamba Papa akifundisha kama mchungaji wa Wakristo wote, juu ya imani au maadili, kwa nia ya kulifunga Kanisa zima, hawezi kukosea. Wengi waliopinga walikuwa wameshafunga mizigo na kuondoka Roma siku moja au mbili kabla, ili wasipige kura ya hapana mbele ya Pio wa Tisa. Mwanahistoria mkubwa wa München, padre Ignaz von Döllinger, alikataa na akatengwa na Kanisa mwaka 1871. Kinachonishangaza mimi ni mpangilio: Pio wa Tisa alilitumia Kukingiwa mwaka 1854 kufanya peke yake kile ambacho zamani kilifanywa na mitaguso, na miaka 16 baadaye mtaguso ukamthibitishia kwamba uwezo huo anao. Tangu 1870, uwezo huo umetumika wazi mara moja tu, nao ni ile siku ya Novemba 1950. Kwa hiyo Mprotestanti anapoona Maria na Papa wamefungwa fundo moja, haoni njozi. Sisi wenyewe ndio tuliowafunga.

Lakini usidhani Kanisa Katoliki hutangaza tu likiamka asubuhi. Kukingiwa kulibishaniwa miaka 700. Bernardo wa Clairvaux, aliyempenda Maria kuliko wengi, aliwaandikia mapadre wa Lyon kuwakemea kwa kuanzisha sikukuu hiyo. Thomas wa Akwino naye hakukukubali, akiona kwamba mtu asiye na dhambi tangu kutungwa mimba hahitaji Mkombozi. Mfransisko Duns Scotus ndiye aliyepata njia: kukingwa usianguke ni kuokolewa kulikozidi kuinuliwa baada ya kuanguka. Wadominiko na Wafransisko wakapigana maneno mpaka Papa Sisto wa Nne, mwaka 1483, akawakataza kuitana wazushi. Mtakatifu na mwalimu wa Kanisa kama Thomas alikuwa na haki ya kulikataa fundisho ambalo leo mwanakwaya wa Kibosho hana haki ya kulikataa. Ndivyo mamlaka yanavyofanya kazi kwetu, lipende au lichukie.

Nimgeukie mchungaji wako sasa. Walutheri hawaamini kwamba kila mtu asome Biblia peke yake na kuamua atakavyo, ingawa mitaani ndivyo wanavyosemwa. KKKT, kanisa lenu la Kilutheri hapa Tanzania, inashika Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri la mwaka 1530, ina maaskofu na sinodi, na mchungaji anayehubiri kinyume cha ungamo ataitwa. Tofauti ni kwamba ungamo lenyewe linapimwa kwa Maandiko. Ukipenda tufananishe na sheria: kwenu Biblia ni katiba na kila hukumu yaweza kurudishwa mbele yake upya, kwetu katiba hiyo hiyo ina Mahakama ya Rufani ambayo ikishasema, kesi imefungwa. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulijitahidi kusema, mwaka 1965, kwamba mamlaka hayo ya kufundisha hayako juu ya Neno la Mungu, yanalitumikia. Mlutheri atauliza: na jaji akiikosea katiba, nani atamwambia?

Ni swali zuri, ila nanyi mna la kwenu. Mwaka 1529 Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Zurich, walikutana Marburg wakiwa na Biblia ile ile. Walikubaliana vifungu 14, kimoja cha chakula cha Bwana kikawashinda, wakaachana, na hakukuwa na wa kuamua. Hapa kwetu kuna kisa cha mwaka 1913. Huko Kikuyu, Kenya, wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri na wengineo walikaa kupanga umoja, wakamaliza kwa kushiriki meza ya Bwana pamoja. Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, Frank Weston, ambaye kwa ibada alikuwa karibu na Roma kuliko na Geneva, aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Kesi ikafika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Jibu lake lilikuwa la uangalifu mno, hata watu wakatania kwamba uamuzi ni huu: ibada ile ya Kikuyu ilimpendeza Mungu sana, na isirudiwe tena kamwe. Nacheka kila nikikisimulia, lakini ndani ya mzaha huo mna tatizo zito. Kanisa lisilo na mwenye neno la mwisho litaahirisha kesi. Kanisa lenye naye litaifunga, hata pale ambapo pengine lilipaswa kungoja. Mimi nimechagua hatari ya pili. Mchungaji wako amechagua ya kwanza.

Nimeahidi kipande ambacho ni cha Maria mwenyewe. Ni sala. Tuseme Papa kesho anafuta sharti la 1950, kila mtu aamini atakavyo. Je, mchungaji wako atasali Salamu Maria? Hatasali. Nusu ya kwanza ya sala hiyo ni maneno ya malaika na ya Elisabeti katika Luka 1, hana shida nayo. Nusu ya pili, "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu", ndiyo inayomkwaza. Kifungu cha 21 cha Ungamo la Augsburg kinasema watakatifu wakumbukwe ili tuige imani yao, lakini Maandiko hayafundishi kuwaita wala kuwaomba msaada, na kinaegemea 1 Timotheo 2:5: "mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Mwanadamu Kristo Yesu." Hapo hoja haimhusu Papa. Inahusu Kristo anatosha au hatoshi.

Sisi hujibu kwamba kumwomba Maria atuombee ni kama kumwomba mama mkwe akuombee, ila huyu yuko mbele za Mungu. Hujibu pia kwa 2 Wamakabayo 15, ambapo Yeremia aliyekwisha kufa anaonekana akiliombea taifa. Ukienda kuitafuta kwenye Biblia yako yenye vitabu 66 hutaiona, maana Wamakabayo hamna. Unaona tulivyorudi? Ni vitabu gani viwemo kwenye Biblia, na nani aliamua?

Juu ya kuabudu, mchumba wako ana haki. Kanisa linatenganisha ibada inayompasa Mungu peke yake na heshima ya watakatifu, na lilifanya hivyo kabla ya Luther kwa karne nyingi. Epifanio yule yule wa karne ya 4 aliwakemea watu waliomtolea Maria mikate kama sadaka: Maria aheshimiwe, alisema, lakini asiabudiwe. Ila mchungaji wako naye hasemi ndoto. Ameona mambo barabarani: sanamu zikiongelewa kama zinasikia, vipeperushi vya kuahidi muujiza kwa Rozari za siku tisa, watu wanaomwogopa Kristo na kumkimbilia mama yake kana kwamba mama ana huruma kuliko mwana. Hilo la mwisho ni kosa, na likisemwa kwenye mimbari ya Kikatoliki mimi huinuka nikamtafute padre baada ya Misa.

Ndani ya Kanisa Katoliki lenyewe mvutano huo upo. Tarehe 29 Oktoba 1963, maaskofu wa Mtaguso wa pili wa Vatikano walipiga kura kama Maria aandikiwe hati yake peke yake au awe sura ndani ya hati ya Kanisa. Waliotaka awe ndani ya Kanisa, mmoja wetu na si juu yetu, walishinda kwa kura 1,114 dhidi ya 1,074. Karibu wagawane nusu kwa nusu! Na tarehe 4 Novemba 2025 Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa, kwa idhini ya Papa Leo wa Kumi na Nne, lilitoa waraka unaosema jina "Mkombozi Mwenza" halifai kutumika kwa Maria, kwa sababu linaweza kuficha upatanishi wa Kristo aliye mmoja. Ni hoja ile ile ya 1 Timotheo, safari hii imeandikwa Vatikano. Nilipousoma niliwakumbuka wanafunzi wangu Walutheri.

Ukisikia pia habari za Kibeho, Rwanda, ambako wasichana walisema Maria aliwatokea tangu mwaka 1981, ujue hizo ziko katika daraja tofauti kabisa. Askofu wa Gikongoro alizitambua mwaka 2001, lakini kutambua maana yake ni kwamba Mkatoliki anaruhusiwa kuziamini. Mchumba wako akisema haziamini, hajatenda dhambi yoyote.

Tuje kwenye ndoa. Hutatakiwa kuamini Kupalizwa, wala kutamka chochote kuhusu Maria. Sheria za Kanisa, kanuni ya 1124 na 1125, zinataka ruhusa ya askofu kwa ndoa mseto, na anayeahidi ni Mkatoliki: kwamba atajilinda asiiache imani yake, na kwamba atafanya yote anayoweza ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Wewe unajulishwa tu kwamba ameahidi. Mambo yangekuwa mengine kama ungeamua kupokewa kuwa Mkatoliki, kwa maana siku ile ungekiri kwamba unaamini yote ambayo Kanisa linafundisha kuwa yamefunuliwa na Mungu, na la 1950 limo. Usikiri hivyo ili kumridhisha mkwe. Mwombe paroko aanze taarifa za ruhusa mapema, na mweleze mchungaji wako wazi mnafunga wapi, asije akasikia kanisani kwa watu.

Hiyo ahadi ya watoto ndiyo mnayopaswa kuzungumza sasa, ninyi wawili kwanza kabla ya wazazi, maana neno "yote anayoweza" lina upana na kila ukoo utalivutia kwake. Ubatizo wenyewe hautawagombanisha, makanisa yenu mawili yanatambuana ubatizo. Kinachogombanisha huwa ni Jumapili ya kila wiki, na Rozari ya jioni mwezi wa Oktoba, wewe umekaa wapi. Chukueni Katekisimu namba 891 na 966, kisha Ungamo la Augsburg kifungu cha 21, msome mezani kwa zamu: yeye akusomee la kwenu, wewe umsomee la kwao. Mkikwama mahali, niandikieni wote wawili.